Kidole cha Sita

Mimi ndiye niliyemkata mtu kidole. Nasema mapema, asije mtu akalisikia kwa majirani akadhani nilikuwa naficha. Nilimkata kwa brashi namba nne, saa nne asubuhi, nikiwa nimeshiba chai na mandazi, na nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tatu nikajipongeza. Hata mluzi nilipiga.

Mtu mwenyewe ni wa kwenye picha, msinipeleke kituoni. Lakini ningepewa nafasi ya kuchagua upya, afadhali ningekata changu.

Picha ilikuwa katika ukumbi wa Makongeni, mtaa wa nyumba za reli nilikozaliwa. Baba alikuwa karani wa reli, na mama bado anaishi pale. Ukutani, nyuma ya jukwaa, kulikuwa na picha nne, kila moja kubwa kuliko mlango. Alizichora mfanyakazi wa karakana ambaye kazi yake ilikuwa kupaka mabehewa, na alitumia rangi ile ile ya mabehewa, ndiyo maana zilikaa miaka yote bila kubanduka. Sikumkuta mimi, alikufa kabla sijazaliwa. Ila habari zake kila mtu mtaani anazo. Zamani bendi ya wafanyakazi wa reli ilikuwa ikipiga ukumbini Jumapili mchana, dansi ambalo vijana wa wakati huo waliliita bugi, na yeye hakuwa mtu wa kucheza. Alisimama nyuma ya bendi na makopo yake, mgongo kwa ukuta, akitazama wanavyopiga, kisha anageuka na kuchora. Wimbo ukianza anashika brashi, wimbo ukiisha anaiweka chini. Wimbo mmoja, picha moja. Jumapili ijayo wakiupiga tena wimbo huo, anaendelea alipoachia.

Kwa sababu alisimama nyuma yao, wanamuziki wote katika zile picha wametupa migongo. Unaona kola za mashati, visogo, mikono ya kushoto iliyochomoza pembeni kwenye shingo za magitaa, na mbele yao wachezaji wanaokutazama wewe. Mtu mmoja tu ndiye aliyegeuka akatukabili: mpiga gitaa katika picha ya nne. Na huyo alikuwa na vidole sita katika mkono wa kushoto.

Tulipokuwa watoto tulimwita mchawi. Tukitumwa ukumbini kuazima viti tunatoka mbio.

Kazi yangu mimi ni mabango. Kama umewahi kunyolewa mtaa wa Huruma, ninakofanyia kazi, kile kichwa kilichochorwa mlangoni huenda kimetoka mkononi mwangu. Nachora vinyozi, bucha, hoteli, duka la dawa, na kanisa likitaka malaika nachora malaika. Nimejifunza mwenyewe, na kitu nilichojifunza kwa jasho kuliko vyote ni mkono. Mkono wa mtu ni kazi ngumu. Ukiukosea hata mama wa mboga anaona. Kwa hiyo naringa nao, sikatai. Niliwahi kufuta bango la mwenzangu mmoja bila kuombwa kwa sababu alikuwa amemchorea kinyozi mkono unaofanana na mhogo. Alinuna mwezi mzima.

Wazo la kuziamsha zile picha lilikuwa la rafiki yangu wa Mathare. Yeye anaimba, na anapiga isukuti, ngoma ya kwetu Magharibi mwa nchi ambayo wazee husema si ya mwanamke kushika. Wakimwambia hivyo anaichapa kwa nguvu zaidi. Nilikuwa nimempeleka ukumbini siku moja kumtafutia mahali pa kufanyia mazoezi, akasimama mbele ya ule ukuta ulioingia masizi mpaka ukawa wa kijivu, maana mvua ikinyesha siku za matanga watu walikuwa wanapikia humo humo ndani. Akatazama weeee. Kisha akaniambia, "Siste, hawa wasee wanapiga ngoma gani?"

Nikamwambia sijui, ni picha tu.

"Picha tu?" akasema. "Cheki mikono. Kila mtu ameshika mahali pake. Kuna mtu anajua huo wimbo."

Aliyejua alikuwa anaishi milango mitatu kutoka kwa mama. Mzee wa watu, fundi mitambo mstaafu, ambaye katika ujana wake alipiga gitaa la rithimu katika bendi ile ile. Wenzake wote wameshazikwa. Tulimwita Mzee, basi, na gitaa lake lilikuwa juu ya kabati limefungwa kwa shuka.

Nikaanza kuosha ukuta, picha moja moja, kwa sabuni ya unga na kitambaa laini. Picha ya kwanza ilipotoka masizi, Mzee aliletewa kiti. Akavaa miwani. Akamtazama mpiga besi wa ukutani, mahali vidole vilipobana nyuzi, akashusha macho kwenye gitaa lake, akabana pale pale. Akatikisa kichwa. Akasogeza kidole kimoja. Halafu akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekutana na shemeji yake sokoni, na wimbo ukatoka.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mzee anasoma ukuta, anaupiga wimbo. Rafiki yangu anaweka isukuti chini yake na maneno ya Mathare juu yake, maneno ya sasa, ya maji yasiyokuja na ya mapenzi yasiyolipa. Na mimi nachora kwenye plaiwudi kwa sheria ya yule wa mabehewa: wimbo ukianza nachora, ukiisha naweka brashi chini. Mara ya kwanza wimbo uliisha nikiwa nimemaliza pua.

"Umetuchorea pua?" rafiki yangu akauliza.

"Pigeni mrefu basi!"

"Wimbo una urefu wake," Mzee akasema. "Wewe ndiye ufanye haraka. Yule mwenzako alikuwa anachora mtu mzima kabla ya ubeti wa pili."

Nilikasirika, nikaenda nje kunywa maji, nikarudi. Sikuwa nimezoea kuambiwa niko polepole. Lakini wiki zilivyokwenda mkono ulifunguka. Nilianza kuchora bila kupima, bila rula, nikifuata ngoma, na zile picha za plaiwudi zilikuwa na uhai ambao mabango yangu hayajawahi kuwa nao. Mimi mwenyewe nilishangaa. Tulimaliza nyimbo tatu hivyo.

Kabla ya ile ya nne Mzee akaugua kifua, akalala nyumbani wiki mbili. Mimi sina subira, Mungu aliniumba hivyo. Jumatatu nikaenda peke yangu nikaosha picha ya nne, nimfurahishe akirudi. Masizi yakatoka, na yule mchawi wangu akanitazama na vidole vyake sita.

Sasa mjuaji ndani yangu akaamka. Nikasema, maskini, huyu wa mabehewa alikuwa hodari, lakini hapa aliteleza. Kidole kimoja kimezidi, na kimechorwa hafifu, kama mtu aliyekosea akasahau kufuta. Watu watakuja kutazama, watacheka. Nimtunzie heshima. Nikachanganya rangi ya shingo ya gitaa, nikamfunika kile kidole cha sita, na vile vitano vilivyobaki nikavinyoosha kidogo, nikaweka na kivuli. Ukawa mkono safi, mkono wa bango. Ndipo nikapiga ule mluzi.

Jumatano Mzee akaja polepole, amejifunga skafu shingoni. Rafiki yangu alikuwa amemshika kiwiko. Nikamwambia, "Mzee, nimekuwekea zawadi." Akavaa miwani yake. Akatazama ukuta. Nilimwona anainua mkono wa kushoto anauweka kwenye gitaa, kisha anaushusha.

"Kidole kiko wapi?" akauliza.

"Kipi?"

"Cha sita."

Nikacheka. Nikamwambia nilirekebisha, lilikuwa kosa, nani ana vidole sita. Mzee hakucheka. Akaketi.

"Kosa," akasema. "Binti yangu, yule mtu alipaka mabehewa miaka ishirini bila mstari kupinda. Leo ashindwe kuhesabu vidole?"

Kisha akatueleza. Mpiga solo wa bendi yao alikuwa na kona moja katika wimbo ule, mahali ambapo gitaa linageuka kidogo na wachezaji wote wanapiga kelele. Alikuwa mchoyo nayo. Bendi nyingine zilikuwa zinatuma watu kuja kuiba, wanasimama mbele ya jukwaa wanakodolea macho mkono. Kwa hiyo akifika pale kwenye kona alikuwa anawapa watu mgongo. Anaugeukia ukuta, hata sisi wa bendi hatuoni, Mzee akasema. Wimbo haukurekodiwa. Mwenyewe alikufa na kona yake. Mzee ameitafuta miaka yote, anaujua wimbo mzima isipokuwa ile kona.

"Lakini huko ukutani kulikuwa na mtu amesimama," akasema. "Mmoja tu. Aliona. Akachora kidole mahali kilipotoka, akakichora mahali kilipofika. Sio vidole sita. Ni kidole kimoja kinachotembea. Zamani hata mimi nilidhani ni mzaha wake, mpaka nilipolala kitandani nikiwaza jinsi zile tatu zilivyosema kweli."

Sikuweza kumtazama. Rafiki yangu aliniuliza, kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi, "Siste, kilikuwa wapi? Kumbuka tu tukichore tena."

Nilijaribu. Nimemwona mchawi yule tangu nikiwa na miaka mitano, na sikukumbuka. Juu? Chini? Kwenye uzi wa pili au wa tatu? Na simu yangu ilikuwa na picha tatu za ukuta ule, zote nilizipiga kabla ya kuosha, ukizikuza unaona masizi. Mzee akaomba apelekwe nyumbani. Mlangoni akageuka akasema, "Angeiba mwizi, angalau wimbo ungekuwepo mahali." Wee! Hilo neno nilikwenda nalo kitandani.

Kama hayo hayakutosha, jioni ile ile mwenyekiti wa kamati ya ukumbi akaja kwa mama kuniletea habari. Ukumbi umepata kanisa litakalosali humo Jumapili, na arusi zitafuata. Ndani kote kunapakwa krimu. Fundi anaanza Jumamosi, saa tisa mchana, na anaanza na ukuta wa jukwaa.

"Na picha?" nikamwuliza.

"Dada yangu, wewe ni mtoto wa hapa, na sisi ni watu wa kanisa. Mchungaji atasimama pale na nyuma yake kuna watu wanakata viuno? Kuna mmoja ameshika chupa."

"Ni soda."

"Unajuaje ni soda?"

"Wewe unajuaje sio?"

Mama akatutilia chai ili tunyamaze. Mwenyekiti si mtu mbaya, hilo ndilo lililoniudhi. Kijijini kwao ni karibu na kwetu, alinibebea jeneza la baba. Anaupenda ule ukumbi kwa moyo wake wote, na anataka ung'ae. Nilimwomba aache ukuta mmoja tu. Akasema kamati imeshapitisha. Nikamwambia kamati ni yeye na shemeji yake. Akaweka kikombe chini na kuaga.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Nilikuwa na Alhamisi na Ijumaa kukitoa kile kidole kutoka chini ya rangi yangu. Baada ya hapo kitakwenda chini ya krimu na hakuna atakayekijua tena milele, na atakayekuwa amekiua ni mimi. Si mwenyekiti. Mimi.

Alhamisi alfajiri nilikuwa mlangoni kabla ya mlinzi kufungua. Nilibeba wembe, pamba, thina ya kuyeyushia rangi na taa ya kuchomeka. Kubandua rangi mpya bila kugusa ya zamani ni kama kumnyoa mtoto mchanga: mkono mzito tu na umeharibu. Thina ikizidi inakula zote mbili. Niliweka tone kwenye pamba, nikagusa, nikahesabu hadi kumi, nikafuta. Pamba ikatoka na kahawia yangu. Nikagusa tena. Kwa saa tatu nilikuwa nimefungua mahali pa ukubwa wa kifuniko cha soda, na jasho lilikuwa linaingia machoni.

Rafiki yangu alikuja na chapati. Hakuniambia pole. Alikaa kwenye jukwaa akapiga isukuti polepole, pigo moja la kukamata na moja la kuachia, na mimi nikaanza kugusa na kufuta kwa mwendo ule ule. Baada ya muda akasema, "Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa."

"Nyamaza."

"Lakini kimoja kinaweza kuvunja bendi nzima."

Nilicheka mpaka nikalia. Nadhani alijua kwamba nilihitaji vyote viwili.

Kilichoniokoa ni kitu cha aibu. Ile rangi niliyoitumia niliinunua kwenye hadwea fulani Huruma, duka la rangi na misumari, ambako mwenye duka huichakachua na mafuta ya taa, nami nimegombana naye mara nyingi nisizoweza kukumbuka. Rangi nzuri ingeng'ang'ania. Hii, ilipoguswa vizuri, ilianza kujikunja yenyewe, na chini yake rangi ya mabehewa ilikaa ngumu, haina habari. Kwa mara ya kwanza maishani nikamwombea mwizi yule baraka.

Ijumaa saa saba mchana kidole kikatokea. Kwanza ukucha, kisha pingili. Hafifu, rangi ya chai ya maziwa, kama alivyokiacha mwenyewe, na sasa nikiwa nimesogea karibu hivyo niliona nisichokielewa Jumatatu: kulikuwa na mistari miwili myembamba kama nywele, imetoka kwenye kidole kilichokolea kuja kwenye hiki, kuonyesha njia. Jumatatu niliifunika pamoja nacho, nikidhani ni nyufa.

Rafiki yangu alikwenda kumchukua Mzee. Aligoma. Akaambiwa kimepatikana, akatoka na ndara.

Alisimama mbele ya ukuta. Akaweka gitaa begani. Akapiga wimbo kutoka mwanzo, na alipofika kwenye kona akaweka kidole pale kilipokolea, akakitelezesha hadi pale kile hafifu kilipomwonyesha. Sauti iliyotoka ilinisimamisha nywele. Ilikuwa kama mtu anaitwa kwa nyuma na anageuka kabla hajajua ni nani. Mzee akasimamisha mkono hewani.

"Kilikuwa kinashuka!" akapiga kelele. "Miaka yote mimi nakipandisha! Kilikuwa kinashuka, mshenzi wewe!" Alikuwa anamwambia marehemu. "Ndicho ulichokuwa unatunyima!" Alicheka, akatukana, akafuta miwani, akapiga tena, akatukana tena. Kisha akanigeukia. Alinishika tu bega akaliminya, kwa nguvu za mtu aliyefungua nati maisha yake yote, na liliuma siku mbili.

Jumamosi hatukubandika tangazo. Rafiki yangu aliwaambia wa Mathare, mimi nikaambia wateja wangu wa Huruma, na mama, ambaye hajawahi kutangaza kitu isipokuwa msiba, alipita mlango kwa mlango Makongeni. Saa nane ukumbi ulikuwa umejaa wastaafu wa reli na wake zao, akina mama waliokumbuka bugi na waliojifanya hawaikumbuki, na vijana waliokuja na ngoma zao. Plaiwudi tatu niliziegemeza kando ya jukwaa, ya nne ikiwa tupu. Tulipiga wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ilikuwa karibu saa tisa tulipoanza wa nne, na mara mlango ukafunguliwa, mwenyekiti akaingia na fundi, rola begani, makopo mawili ya krimu.

Watu waligeuka. Muziki haukusimama, lakini ulishuka. Mwenyekiti akasimama katikati, akawatazama wale wazee anaosalimiana nao kila siku, na nafikiri aliona kwamba akisema vibaya atakula chakula cha jioni na maneno. Akainua mkono.

"Haya, sitaki vita," akasema. "Malizeni wimbo wenu. Wimbo huu ukiisha, fundi anaanza. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" ukumbi ukajibu.

Mzee alinitupia jicho. Kisha akamtupia rafiki yangu. Alipofika mahali pa kumalizia, pale ambapo gitaa linatua na ngoma inafunga, hakutua. Alizunguka akarudi mwanzo. Watu walichukua sekunde kuelewa, kisha vigelegele vikapasua paa.

Tukapiga. Nusu saa, saa nzima. Rafiki yangu mkono ulipochoka alimpa isukuti mwenzake bila pigo kuanguka. Mimi nilikuwa nachora, na kwa mara ya kwanza wimbo ulinisubiri. Nilichora mkono wa Mzee, mkubwa, wote, na kidole mahali kilipotoka na mahali kilipofika. Fundi aliketi juu ya kopo lake, na mguu wake ulikuwa umeshauasi upande wa mwenyekiti, unafuata ngoma.

Halafu Mzee akafanya jambo ambalo hatukulipanga. Alikuwa amechoka, shati limelowa. Alipokaribia kona alisogea hadi ukingoni mwa jukwaa, akawakabili watu, akainua shingo ya gitaa ili mkono uonekane na kila mtu.

"Wenye magitaa, njooni mbele," akasema. "Tazameni hapa. Kinatoka huku, kinashuka hapa. Tena. Kinatoka huku, kinashuka hapa. Umeona? Chukua. Chukueni wote. Aliyekificha amekufa nacho. Mimi sifi nacho."

Walikuja. Wengine na simu, wengine na magitaa. Msichana mmoja kutoka Huruma aliipata mara ya tatu, Mzee mwenyewe akampa nafasi yake, akakaa kwenye kiti akanywa maji huku wimbo unaendelea bila yeye. Nililia pale pale mbele ya watu, brashi mkononi, na sikujifuta.

Saa kumi na moja na nusu fundi akasimama. "Mwenyekiti, mimi nina mazoezi ya kwaya," akasema, akaenda zake na rola lake. Saa kumi na mbili mlinzi alitaka kufunga, kwa sababu mlinzi hafungwi na wimbo wa mtu. Mzee akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Tumepumzika," akatangaza. "Hatujamaliza."

Watu wakacheka, na mwenyekiti akacheka pia kidogo, akapeana mikono na Mzee. Nilirudi kwa mama nikidhani tumeshinda.

Jumatatu walipaka. Walijifungia ndani asubuhi, na nilipopata habari na kukimbia kutoka Huruma na kufika, nilikuta krimu kutoka pembe hadi pembe, bado mbichi. Hakukuwa na kisogo, hakukuwa na kola, hakukuwa na mtu. Niliweka kiganja ukutani kikatoka kimepakwa. Nilikwenda kwa mama, nikatukana kwa lugha tatu, kisha nikalia kama siku ya baba. Mama alisema, "Lia, halafu uoge."

Niliambiwa niandike barua kwa kamati. Niliambiwa nipeleke malalamiko kwa ofisi ya huyu na yule. Niliambiwa na mtu mmoja mwenye busara zake kwamba ni ukuta tu. Sikuandika barua. Jumamosi iliyofuata, saa tisa mchana, nilifika na ngazi, praima ya kutangulia rangi na makopo manne ya rangi ambayo haijachakachuliwa, nikaegemeza ngazi kwenye ukuta wa nje, ule unaotazama barabara, ambao kanisa halisalii na arusi haipigii picha. Mzee alileta kiti chake. Rafiki yangu na isukuti yake, wenzake wawili, yule msichana wa Huruma, na vijana wengine watano wenye magitaa nisiowajua. Wakauliza waanzie wapi. Mzee akasema pale tulipopumzikia, na wakaanza pale, katikati ya wimbo, kama watu waliokwenda tu kunywa maji.

Mwenyekiti alitoka ofisini kwake na miwani kichwani. Nilikuwa nimeshafika juu, nachora bega la kwanza. Akasimama chini ya ngazi akaniita jina langu lote, la ubatizo na la ukoo.

"Nani amekupa ruhusa kuchora hapa?" akauliza.

Nikamwambia anipe muda, wimbo ukiisha nitamjibu.